Kumi Bora za Thika Road: Kuvu na Virusi Vilivyotufundisha Baiolojia

Katika vitabu vingi vya shule, kuvu na virusi hupewa kizimba cha mshtakiwa. Hutajwa kwa majina ya magonjwa, husomewa mashtaka, kisha sura hufungwa. Huo ni uonevu. Ukitoka Ruiru kwenda Thika, kipande ambacho matatu ya 237 hukimaliza kabla konda hajakurudishia chenji, unapita mashamba, maabara, mito na hospitali ambako hawa washtakiwa ndio walioshika chaki. Wanaobishana iwapo virusi ni viumbe hai waendelee. Hapa alama zinatolewa kwa kazi tu. Hakimu ni mimi, na hongo sijapokea (ingawa sijaletewa pia). Tunahesabu kutoka kumi kushuka hadi mshindi.

10. Ukungu wa mkate

Kila aliyesoma sekondari upande huu, awe wa Chania au wa Mang'u, amewahi kuambiwa alowanishe kipande cha mkate akiache mahali penye joto. Siku chache baadaye nyuzi nyeupe, vichwa vyeusi vya spora, na harufu inayomfanya mwalimu afungue dirisha. Huyo ni Rhizopus. Sisi tunakula ndipo tunameng'enya. Yeye humwaga vimeng'enya nje, chakula kiyeyuke hukohuko, ndipo akinyonye. Kuta za seli za kuvu zina kaitini, dutu ileile iliyo kwenye gamba la mende, na kwa nasaba kuvu ziko karibu na wanyama kuliko mimea. Kwa wale wasiokula nyama lakini wanaopenda uyoga: poleni, mmekuwa mkila jamaa.

9. Kirusi cha nanasi

Mashamba ya mananasi ya Thika humwamsha hata abiria aliyelala tangu Githurai. Karibu kila mahali nanasi linakolimwa duniani kuna ugonjwa wa mnyauko unaolifuata: majani huwa mekundu, ncha hujikunja, mizizi hufa. Kirusi kimo, lakini hakina miguu. Hubebwa na vidudu vidogo vyenye unga mweupe mgongoni, ambavyo navyo hulindwa na sisimizi, kwa kuwa sisimizi wanapenda kinyesi chao chenye sukari. Bila askari hao, vidudu huliwa na maadui zao na kirusi hukosa usafiri. Kwa hiyo mkulima anayetaka kupambana na kirusi huanza kwa kuwafukuza sisimizi. Ikolojia nzima iko hapo, na hujalipa karo.

8. Mche wa ndizi wa maabara

Miaka ya 1990, kituo cha utafiti wa kilimo cha bustani cha Thika (wakati huo chini ya KARI, sasa KALRO) kilishiriki kuwaletea wakulima wadogo miche ya ndizi iliyooteshwa chupani, maana machipukizi ya kuombana kwa jirani yalikuwa yakihamisha magonjwa kutoka shamba hadi shamba, ikiwemo kuvu ya udongoni iitwayo Fusarium. Somo: kipande kidogo cha mmea kinaweza kujenga mmea mzima upya. Tahadhari: kuvu huachwa nje, lakini kirusi kinaweza kuingia chupani pamoja na mche kimya kimya, kwa hiyo mmea mama hupimwa kwanza. Ujirani mwema ni mzuri, ila ombeni sukari tu.

7. Kichuguu cha Juja

Kabla ya ploti za Juja kujaa hosteli za wanafunzi wa JKUAT, wapangaji wa zamani walikuwa mchwa. Wale wa jamii ya Macrotermes hawawezi peke yao kufaidi mti mkavu. Humeza vipande vya mti na nyasi, huvitoa upesi vikiwa havijameng'enywa vizuri, na kwa kinyesi hicho hujenga sega ndani ya kichuguu. Juu ya sega huota kuvu ya jenasi Termitomyces, ambayo huvunja lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake. Mchwa hurudi baadaye kula sega lililolainika pamoja na vinundu vya kuvu.

Mkataba huo ulianzia Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita. Sisi tulianza kulima takriban miaka 10,000 iliyopita na tayari tunalia ruzuku ya mbolea.

Mvua ikinyesha, kumbikumbi huruka na uyoga hutoboa udongo, na watoto hukimbilia vyote viwili. JKUAT hufundisha watu kuotesha uyoga wa aina nyingine kwenye mifuko ya majani makavu, na biashara hiyo inalipa. Ule wa kichuguuni umegoma kufugwa. Unamtambua mwajiri mmoja tu, naye ana miguu sita.

6. Ukungu wa mahindi

Hapa mzaha nauweka kando kidogo. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki na katikati mwa Kenya kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Makueni na Kitui ziliumia zaidi, lakini iliyokuwa Wilaya ya Thika ilikuwa kwenye orodha pamoja na Machakos. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, na ukungu uitwao Aspergillus flavus ukapata makao.

Jinsi sumu hii inavyofanya kazi ni somo lenye uchungu. Aflatoksini B1 inapoingia mwilini bado haina makali yake yote. Ini, likifanya kazi yake halali ya kusafisha, huigeuza kuwa umbo linalong'ang'ania DNA na kuharibu herufi zake. Kwa kiasi kikubwa humuua mtu kwa siku chache. Kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

Kinga ya kwanza ni jua: punje zikauke hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Ya pili ni ya kijanja. Baadhi ya ndugu wa Aspergillus flavus hawana uwezo wa kutengeneza sumu. KALRO wana kiwanda Katumani, Machakos, kinachowapakia ndugu hao kwenye mbegu za mtama chini ya jina Aflasafe. Zinamwagwa shambani mapema, ndugu hao wanajaza nafasi zote, na mwenye sumu akifika anakuta hakuna kiti. Dawa ya mwizi kumbe ni kaka yake aliyeokoka.

5. Faji za mto Chania

Teremka hadi Blue Post, hoteli iliyokuwepo tangu 1908 kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, uchote kijiko cha maji ya mto. Usinywe. Humo mna mamilioni ya faji, virusi vinavyowinda bakteria, na kila dakika bakteria wanapasuliwa humo huku wewe ukipiga selfi.

Faji ndizo zilizomaliza ubishi mkubwa wa karne iliyopita: urithi unabebwa na nini, protini au DNA? Mwaka 1952, Alfred Hershey na Martha Chase walitia alama ya salfa yenye mionzi kwenye ganda la faji na alama ya fosforasi kwenye DNA yake. Wakaziacha zishambulie bakteria, kisha wakautia mchanganyiko kwenye blenda ya jikoni ili kuyabandua maganda. Salfa ilibaki nje kwa sehemu kubwa. Fosforasi ilikuwa imeingia ndani. DNA ndiyo iliyotoa amri. Nobeli ya 1969 akaipata Hershey pamoja na wanaume wengine wawili. Chase hakuipata, na blenda haikutajwa.

Kisha vita vya bakteria na faji vikatupa mikasi tunayokatia jeni, ikiwemo CRISPR. Maabara ngapi za leo zingefungwa kama bakteria hawangekuwa na maadui!

4. Kirusi kilichohamia tumboni

Takriban asilimia 8 ya DNA ya binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaambukiza mababu zetu na kusahau kuondoka. Mengi yamelala tu. Jeni moja, ya protini iitwayo sinsitini, bado iko kazini: zamani ilikisaidia kirusi kuungana na seli ili kiingie, sasa inaziunganisha seli za kondo la nyuma ziwe tabaka moja kati ya damu ya mama na mtoto. Kwa hiyo katika wodi ya uzazi ya Thika Level 5, hakuna mtoto anayezaliwa bila msaada wa kirusi cha kale. Mashemeji wakianza kuuliza mtoto amefanana na upande gani, mna jibu la tatu.

3. Hamira ya muratina

Ruracio, sherehe ya mahari, bila pombe ya muratina ni mkutano wa hadhara tu. Wazee wa Gĩkũyũ huchukua tunda refu la mti wa muratina, wakalipasua, wakalichemsha, wakalikausha, na kulitumia kwanza kwenye pombe isiyonywewa ili uchungu uishe. Baada ya hapo linatiwa kwenye asali na maji, au kwenye maji ya miwa, mahali penye joto. Ndani ya nyuzi za tunda hilo hujificha hamira, seli za kuvu zinazobadilisha sukari kuwa kileo na gesi. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, hukaushwa na kuwekwa hadi sherehe ijayo. Wazee walikuwa na benki ya vijidudu bila darubini, na mtunza hazina hakuwahi kuiba chochote ila kuonja.

Ndugu wa hamira hiyo alisafiri mbali zaidi. Mwaka 1893, Mjerumani Paul Lindner alieleza hamira aliyoipata kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaipa jina Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe hiyohiyo. Hamira ya mkate huzaa kwa kuchipua pembeni. Hii ina umbo la kijiti na hujigawa katikati nusu kwa nusu, hivyo ukiipima urefu unajua imefikia wapi katika maisha yake. Kwa mtu anayetaka kujua seli huamuaje kwamba sasa ni wakati wa kugawanyika, hakuna mwanafunzi mtiifu kuliko huyo.

Paul Nurse akaichukua. Katika miaka ya 1970, kule Edinburgh, alikuta seli zilizokuwa zikigawanyika mapema mno zikiwa fupi, na kwa kuzifuata akafika kwenye jeni iitwayo cdc2, inayotoa ruhusa ya kugawanyika. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walichukua hamira yenye cdc2 iliyoharibika, wakaiingizia jeni za binadamu, wakasubiri. Jeni moja ya binadamu ikashika zamu, na hamira ikaendelea kugawanyika. Ukoo wetu na wake uliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado kipuri kinaingia! Mekanika wa Kirinyaga Road hawezi kukuahidi hivyo hata kwa gari la mwaka jana.

Nobeli ya 2001 ilienda kwa Nurse, pamoja na Leland Hartwell aliyetumia hamira ya mkate, na Tim Hunt. Sisi tuliotoa pombe hatujarudishiwa hata chupa.

2. CBD, na kahawa iliyobeba jina la Ruiru

Mwambie mtu wa Nairobi unaenda CBD, atakuuliza utashukia Odeon au Kencom. Mwambie mkulima wa kahawa wa Kiambu kwamba CBD imeingia kwake, atatafuta mahali pa kuketi. Kwake herufi hizo ni ugonjwa wa kuoza kwa matunda ya kahawa, unaoletwa na kuvu Colletotrichum kahawae. Ulitambuliwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na haujaonekana nje ya Afrika. Unapenda baridi, mvua na miinuko, yaani kila kitu ambacho kahawa ya Kenya inakipenda. Spora huota juu ya tunda bichi, hutoboa ngozi, doa jeusi lililobonyea hutanda, na mwishowe linabaki ganda kavu lenye mbegu isiyofaa kitu. Msimu mbaya bila dawa unaweza kuondoka na asilimia 80 ya mavuno.

Mvua kubwa za mwisho wa miaka ya 1960 zilileta mlipuko uliowafilisi wengi. Fahari ya mashamba wakati huo ilikuwa SL28, iliyochaguliwa Scott Laboratories, Kabete, katika miaka ya 1930: ladha ya kupigiwa saluti, kinga hakuna. Wakulima walipulizia shaba mpaka miti ikawa ya buluu na mifuko ikawa mitupu. Mwaka 1971, kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kikaanza kuzalisha mbegu yenye kinga.

Kinga ikaombwa kwa jamaa wa mbali. Kulikuwa na Rume Sudan, kahawa ya uwanda wa Boma ulioko Sudan Kusini ya leo. Kulikuwa na K7, aina nyingine ya kahawa. Kulikuwa na chotara wa Timor, aliyezaliwa mwenyewe kisiwani baada ya arabika na robusta kukutana bila idhini ya wazazi. Mwaka 1980, watafiti van der Vossen na Walyaro walionyesha kwamba kinga inategemea jeni tatu, wakaziita R, T na k. R ni ya kutawala, kopi moja inatosha. Ile k ni ya kufichika, lazima ziwe mbili. Mwalimu anayehangaika kueleza Mendel kwa njegere za Ulaya angepanda matatu hadi Ruiru akaonyeshe darasa mibuni.

Ruiru 11 ilitolewa 1985. Inastahimili CBD na pia kutu ya majani, kuvu iliyoonekana Ceylon mwaka 1869 na kuyamaliza mashamba ya kahawa hadi kisiwa kikageukia majani chai. Mti wake ni mfupi, hivyo ekari moja hubeba miti karibu mara mbili. Na kwa kuwa ni chotara, mbegu zake hutengenezwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua kwa ua. Mchumba gani anapata uangalizi huo?

Wanywaji wenye ndimi za bei ghali husema SL28 ni tamu zaidi, na ugomvi huo haujaisha hata baada ya Batian kutolewa mwaka 2010. Mimi naona kikombe kitamu kuliko vyote ni kile kilichovunwa. Kuvu nazo hazijastaafu: ya kutu peke yake ina aina zaidi ya 50 zinazotofautiana kwa kinga zinazoweza kuzivuka, na mtafiti akifunga mlango mmoja, wao huanza kujaribu madirisha.

1. Dozi moja ya Thika

Kileleni kuna kazi ambamo kirusi kimoja ndicho mhalifu, kingine ni fundi, na kuvu ni fundi mwenzake.

Mhalifu ni HPV. Aina zake mbili, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Kina jeni chache mno, zisizozidi kumi, lakini kimezichagua vizuri. Protini yake E6 huipeleka p53, mlinzi wa DNA, ikaharibiwe. E7 huilemaza Rb, inayozuia seli isigawanyike ovyo. Ile ruhusa ya kugawanyika tuliyojifunza kwa hamira ya pombe inabaki bila breki. Na p53 yenyewe tuliijua kupitia virusi: mwaka 1979 ilikutwa imeng'ang'aniana na protini ya kirusi cha nyani, SV40. Wezi ndio waliotuonyesha kufuli lilipo.

Thika haikuwa ngeni kwa utafiti wa kupambana na virusi. Utafiti wa Partners PrEP, uliochapishwa 2012 na kuhusisha jozi 4,747 za wanandoa wa Kenya na Uganda, Thika ikiwa kituo kimojawapo, ulionyesha kwamba kidonge cha kila siku kinaweza kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa asilimia 75. Kisha likaja swali la HPV. Chanjo ilikuwepo, lakini dozi mbili au tatu ni ghali, na msichana aliyechomwa mara moja akahama shule humpati tena. Je, moja haitoshi?

Utafiti wa KEN SHE, ulioongozwa na Ruanne Barnabas na wenzake, akiwemo Nelly Mugo wa KEMRI, uliwaandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Thika, Nairobi na Kisumu. Kundi moja lilipata dozi moja ya chanjo ya aina tisa za HPV, la pili dozi moja ya chanjo ya aina mbili, la tatu chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Majibu yalichapishwa 2022, na Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 20.

Sasa ingia kiwandani. Chanjo zote mbili zimejengwa kwa protini moja ya ganda la HPV, iitwayo L1. Ukitengeneza L1 nyingi, hujipanga zenyewe kuwa mpira uleule wa kirusi, ila ndani hamna jeni: matatu yenye graffiti, taa na muziki wote, lakini bila injini. Mwili huikariri sura hiyo na kuisubiri barabarani. Ile ya aina tisa, L1 zake hufinyangwa na hamira, Saccharomyces cerevisiae, jamii ya mkate na muratina. Ile ya aina mbili hutengenezwa ndani ya seli za nondo zilizoambukizwa bakulovirusi, kirusi ambacho kazi yake ya asili ni kuua viwavi.

Kombe nimelikabidhi kwa hamira, maana ilifanya kazi mbili kwenye orodha hii na haikuua mtu. Bakulovirusi kimekata rufaa. Wakili wake ameleta jedwali la matokeo ya miezi 18 dhidi ya HPV 16 na 18, akaliweka mezani bila kusema neno: chanjo ya hamira, asilimia 97.5, chanjo ya kirusi cha viwavi, asilimia 97.5.